Kadi za besiboli za zamani na saini kwa njia ya posta: mwongozo kamili kwa anayeanza

Kadi yangu ya kwanza ya besiboli ilikuwa na saini. Angalau ndivyo nilivyoamini kwa siku tatu nzima. Niliinunua kwa dola 2 kwa mzee mmoja aliyekuwa ametandaza vitu vyake vya zamani mbele ya gereji, hapa Columbus, Ohio ninakoishi. Ilikuwa kadi ya kampuni ya Topps, ya mwaka 1959, picha ya mchezaji ndani ya duara, na juu ya picha jina lake kwa mwandiko wa kulala. Nikampigia kaka yangu Tanga kumwambia nimeokota dhahabu jalalani. Siku ya nne nikaona kadi nyingine ya mwaka uleule, nayo "imesainiwa". Halafu ya tatu. Kumbe Topps walichapa saini za wachezaji palepale kiwandani, pamoja na picha. Kaka hajaacha kunicheka mpaka leo.

Basi tuanzie hapo, ili wewe usichekwe. Saini za kuchapwa zimo kwenye kadi za Topps za miaka kadhaa: 1952, 1959, 1967, 1971, 1975 na mingineyo. Ukitaka kuhakikisha, peleka kadi dirishani uiinamishe polepole kwenye mwanga. Wino wa kalamu hung'aa tofauti na karatasi, kalamu ya bolpeni huacha kijifereji, na pale mistari inapokatana wino hukolea. Saini ya kiwandani haina hata kimoja cha hivyo, imelala sawa na picha.

Saini ya kweli inapatikana, tena kwa bei ya stempu mbili, kadi moja na subira. Unamwandikia mchezaji barua, unatia kadi na bahasha ya kurudishia, yeye anasaini na kukurudishia. Wamarekani wamefanya hivyo kwa miongo mingi. Siri yangu katika mchezo huu ni moja, na yote nitakayoeleza yanaizunguka: achana na nyota, waandikie makabwela. Makabwela ndilo jina nililowapa wachezaji ambao hakuna anayewakumbuka, waliocheza misimu miwili mitatu wakarudi kwao. Kadi zao ni za bei ya soda, wengi wao wanajibu, na ni wazee ambao hawatakuwepo siku zote.

Ujue kwanza unachokishika

Kadi za besiboli zilianza kama kivutio cha kuuzia vitu vingine. Kati ya 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilitia kadi ndogo ndani ya pakiti za sigara. Wakusanyaji wanaiita seti hiyo T206, na ndimo alimo mchezaji Honus Wagner, ambaye kadi yake iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ikatoa seti ya kadi 240 pamoja na ubani wa kutafuna, na ndani yake nyota Babe Ruth ana kadi nne. Bowman wakaingia 1948. Halafu mwaka 1952 Topps wakatoa seti ya kadi 407, kubwa, za rangi, zenye takwimu nyuma, na hiyo ndiyo iliyoweka sura ya kadi tunayoijua mpaka leo.

Seti hiyo ya 1952 ina kisa ambacho kila mkusanyaji anakijua. Topps walikuwa wakitoa kadi kwa mafungu, fungu baada ya fungu, msimu ukiendelea. Fungu la mwisho, namba 311 hadi 407, lilifika madukani watoto wameshahamia kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani. Maboksi yakabaki ghalani. Sy Berger, mmoja wa waliobuni seti hiyo, alisimulia kwamba mwaka 1960 aliyapakia kwenye tishari na kuyamwaga Bahari ya Atlantiki. Namba 311 ni nyota Mickey Mantle. Agosti 2022 nakala moja ya kadi hiyo iliuzwa dola milioni 12.6. Sijui samaki walionaje.

Kisa hicho kina faida kwako wewe wa dola mbili pia. Utaratibu wa mafungu uliendelea hadi 1973, kwa hiyo ndani ya mwaka mmoja kadi zenye namba kubwa mara nyingi ni adimu na ghali kuliko zenye namba ndogo, hata mchezaji awe hajulikani. Ukiona kabwela wa mwaka 1966 anauzwa bei ya nyota, tazama namba yake kabla hujamwita muuzaji mwizi.

Mwaka 1956 Topps waliwanunua Bowman, wakatawala karibu peke yao hadi 1981, kampuni za Fleer na Donruss zilipoingia baada ya kesi mahakamani. Wengi wetu tunahesabu kadi "za zamani" kuwa zile za kabla ya hapo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzo wa miaka ya 1990 viwanda vilichapa kadi kama unga wa msaada, kila mtu akaziweka kwenye plastiki akisubiri utajiri, na kwa kuwa kila mtu aliziweka, utajiri haukuja. Utauziwa boksi zima la mwaka 1988 kwa bei ya chakula cha mchana. Kula chakula chako.

Kununua bila kuumia

Nunua kadi zilizochoka. Hilo linawashangaza wanaoanza, kwa sababu kila mahali wanasoma kuhusu madaraja ya 1 hadi 10 ya kampuni za upimaji kama PSA na SGC, na jinsi pembe moja iliyolegea inavyoshusha bei. Lakini wewe unatafuta kadi ya kutia kwenye bahasha, ipite mashine za posta mara mbili na mikono ya mzee wa miaka 84. Kadi yenye pembe za mviringo, mkunjo mdogo na doa la ubani nyuma ndiyo inayokufaa. Makabwela wa miaka ya 1960 katika hali hiyo hupatikana kwa dola 1 hadi 3. Angalia tu kwamba sehemu ya mbele, hasa mahali peupe pa kusaini, haina mpasuko wala mchoro wa kalamu ya mtoto.

Kabla hujalipa pesa za maana, uwe na vitu vitatu mfukoni: rula, lensi ya kukuzia na tochi ya mwanga wa zambarau.

Rula kwanza, kwa sababu vipimo havidanganyi. T206 ni milimita 37 kwa 67 hivi. Goudey ya 1933 ni 60 kwa 73. Topps za 1952 hadi 1956 ni 67 kwa 95, na kuanzia 1957 zikashuka hadi 64 kwa 89, kipimo kinachotumika mpaka leo. Mwaka 1983 Topps wenyewe walichapa upya seti yao ya 1952, lakini kwa kipimo kidogo cha kisasa. Kwa hiyo mtu akikuonyesha "1952" ya milimita 64 kwa 89, mshukuru, umuage. Kadi ya kipimo cha kale iliyopungua milimita moja upande mmoja nayo itilie shaka, huenda imekatwa ukingo ili ionekane mpya. Hata wakubwa wameumwa na hilo: kadi ya kwanza kabisa iliyopimwa na PSA mwaka 1991 ilikuwa Wagner maarufu, na mwaka 2013 Bill Mastro, mnadishaji aliyewahi kuimiliki, alikiri kuwa aliikata kingo.

Lensi inaonyesha uchapaji. Kwenye kadi halisi picha imeundwa na vidoti vilivyopangika, lakini herufi na mistari myeusi imejaa wino mzima. Kopi ya printa ya nyumbani ina vidoti kila mahali, hata ndani ya herufi. Tochi ya zambarau ni ya kadi za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia: karatasi za enzi hizo hazikuwa na kemikali za kung'arisha, kwa hiyo gizani zinabaki zimefifia. "Goudey" inayowaka nyeupe ya samawati kama shati kwenye disko haikuchapwa 1933.

Usisafishe kadi, usiibandike, usiifunge kwa mpira wa kufungia pesa. Mfuko laini wa plastiki, halafu plastiki ngumu, halafu sanduku mahali pakavu. Ghorofa ya chini ya ardhi, ambayo nyumba nyingi za huku zinayo, ina unyevu kama Pemba wakati wa masika.

Kumchagua wa kumwandikia

Kaa na kadi zako mezani, uzigeuze. Mgongo wa kadi ndio hazina yenyewe. Mbele utaona mtu ameshika gongo, nyuma utasoma alizaliwa mji gani, alipita timu zipi za ligi ndogo, na mara nyingi kikatuni kinachosema anapenda kuvua samaki au kwamba wakati wa baridi anauza bima. Hayo ya kuuza bima hayakuwa mapambo. Mshahara wa chini wa ligi kuu ulikuwa dola 6,000 kwa mwaka hadi 1967, ukapanda kuwa 10,000 mwaka 1968. Msimu ukiisha, mchezaji wa kawaida alitafuta kibarua.

Andika majina kumi. Kisha, kabla ya kununua hata stempu moja, hakikisha kila mmoja yu hai. Tovuti ya Baseball-Reference ina tarehe ya kuzaliwa na ya kufariki ya karibu kila aliyecheza ligi kuu. Nasema hivi kwa uchungu. Nilimwandikia mrushaji mmoja barua ya furaha, nikimuuliza habari za mechi yake ya kwanza. Bahasha ilirudi baada ya mwezi, kadi ikiwa safi, na kikaratasi cha mjane wake: mume wangu ametutoka wiki sita zilizopita, angeifurahia barua yako. Nilikuwa nimetumia orodha ya mwaka uliopita. Tangu hapo naangalia asubuhi ya siku ya kutuma, si jana yake.

Nyota je? Wapo waliokuwa wakarimu mno kwa kalamu. Brooks Robinson, aliyefariki 2023, na Bob Feller, aliyefariki 2010, walisaini vingi hadi saini zao ni za bei nafuu sokoni. Lakini nyota wengi walio hai wana mikataba na kampuni za saini, au wanatoza ada, au wanaye karani wa kurudisha barua bila kufunguliwa. Mwenye kutoza mpe anachotaka au muache, baadhi yao hupeleka ada hiyo kwenye hisani. Kumtumia asiyetaka, mara ya pili na ya tatu, ni usumbufu.

Anwani

Wachezaji wanaocheza sasa huandikiwa kwa anwani ya uwanja wa timu, na wakati mzuri ni Februari na Machi, timu zikiwa kambini Florida na Arizona kabla ya ligi. Msimu ukianza barua zinafurika na nyingi zinaishia kwenye maboksi.

Wastaafu ni kazi nyingine. Wanaandikiwa nyumbani. Wakusanyaji wana orodha za anwani zinazouzwa na kusahihishwa kila mwaka, na tovuti kama SportsCollectors.net ambako wanachama huandika nani amejibu, baada ya siku ngapi, na nani amesema basi. Soma hizo taarifa za majibu kuliko unavyosoma anwani yenyewe. Mtu ambaye watu watano wamepata jibu lake mwezi uliopita ni bora kuliko kubahatisha.

Na adabu zake zijue. Anwani ya mtu ni ya barua tu. Huendi mlangoni kwake, humpigii simu, huiweki hadharani kwenye mtandao. Mzee akiandika "tafadhali usitume tena", unamfuta kwenye daftari lako.

Bahasha

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, nami niliharibu. Kadi yangu nzuri ya kwanza kuituma, ya mwaka 1955, niliitia kwenye bahasha peke yake kama noti ya harusi. Ilirudi na saini ya kupendeza, wino wa samawati, herufi zimesimama kama askari wa gwaride, na katikati mkunjo wa kutoka ukingo hadi ukingo. Mashine ya kupanga barua huikunja bahasha kwenye magurudumu yake, na kadi isiyo na kinga hukunjika nayo. Ninayo bado, naiangalia nikitaka kujipa adhabu.

Fanya hivi. Nunua bahasha za aina mbili, namba 10 na namba 9. Namba 10 ndiyo ya kupeleka, namba 9 ni ndogo kidogo na inaingia ndani yake bila kukunjwa. Juu ya namba 9 andika anwani yako kama mpokeaji, na kwenye kona ya mtumaji andika anwani yako tena, ili ikipotea njia irudi kwako na isirudi kwa mzee. Bandika stempu kabisa. Usiiache ilegee ndani ukidhani atabandika mwenyewe.

Stempu za Marekani zinazoitwa Forever zimekuwapo tangu 2007, na zilikuwa kama zimetengenezwa kwa ajili yetu: hazina bei iliyoandikwa, zinabeba barua ya wakia moja, yaani gramu 28, hata bei ya posta ikipanda. Julai 2025 ilipanda kutoka senti 73 hadi 78. Mzee akikaa na bahasha yako miaka miwili, stempu bado ni halali. Bahasha ikiwa ngumu isiyopinda, posta wanaihesabu ya kupitishwa kwa mkono na kuna nyongeza, kwa hiyo uliza dirishani na uongeze stempu kwenye bahasha zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Wengi wanaongeza ya kwenda, wanasahau ya kurudi.

Sasa kadi. Kata vipande viwili vya boksi la nafaka za asubuhi, vikubwa kuliko kadi kwa upana wa kidole kila upande. Weka kadi katikati, na ushikilie vipande kwa utepe wa wapaka rangi, ule unaobanduka bila kuchana. Ukunje ncha ya utepe iwe kama kijisikio cha kushikia. Hiyo ncha ni muhimu kuliko unavyodhani: vidole vya mtu wa miaka 85 aliyedaka mipira kwa miaka kumi havifunui utepe uliogandamana. Kwa sababu hiyohiyo usitie kadi kwenye mfuko wa plastiki unaobana, wala kwenye plastiki ngumu. Atahangaika kuitoa, ataiweka kando, na kando ndiko kadi zinakofia.

Kadi moja inatosha. Mbili ni sawa ukimwambia ya pili abaki nayo akipenda. Nane ni biashara, na wao wanajua.

Kalamu usimtumie, anazo. Wengi husaini kwa Sharpie, kalamu nene ya wino usiofutika. Kwa kadi za zamani zisizong'aa mimi napenda saini ya kalamu ya kawaida ya samawati, nami huandika hivyo kwenye barua kwa neno moja tu: "samawati ukipenda". Kadi za kisasa zenye kung'aa zinakataa wino, hizo pitisha kwanza poda ya mtoto kidogo juu yake na ufute kwa kitambaa laini. Kadi ya 1962 haihitaji hayo.

Kanuni ya mwisho ya bahasha: usitie kadi ambayo ikipotea utalia zaidi ya usiku mmoja.

Barua

Kwa mkono, ukurasa mmoja, usiozidi mistari kumi na miwili. Kwa Kiingereza bila shaka, na Kiingereza chako kikiwa cha kuchechemea usione haya, kinasaidia kuonyesha kwamba barua haikunakiliwa. Anza na Bwana na jina la ukoo. Mtu wa umri ule kuitwa jina lake la kwanza na kijana asiyemjua ni kama wewe kumpita mzee wa mtaani kwenu bila shikamoo.

Usimwambie kuwa yeye ndiye uliyempenda kuliko wote. Alicheza mechi 61, anajua hukumpenda kuliko wote. Mwambie ulichosoma nyuma ya kadi yake, na umuulize swali moja. Barua yangu moja, ikigeuzwa Kiswahili, ilisomeka hivi:

"Bwana Fulani, mimi natoka Tanzania na besiboli nimeijulia ukubwani. Kadi yako ya mwaka 1961 niliipata imekunjika pembe, na nyuma yake inasema wakati wa baridi ulikuwa unauza magari. Uliuza mengi? Kama afya yako inaruhusu, nitashukuru sana ukinisainia. Bahasha ya kurudishia imo ndani na stempu yake. Nakutakia heri wewe na familia."

Kadi ilirudi imesainiwa baada ya siku 16. Chini ya barua yangu mwenyewe, kwa herufi zinazotetemeka, alikuwa ameandika: "Matatu. Moja nilimuuzia mama."

Ile karatasi naithamini kuliko kadi.

Kungoja

Fungua daftari. Safu ya jina, kadi gani, tarehe ya kutuma, tarehe ya kurudi, na maoni. Ukishatuma barua ishirini bila daftari utaanza kuwatumia watu mara mbili. Huduma ya posta ya Marekani ina mpango wa bure uitwao Informed Delivery unaokutumia kila asubuhi picha za bahasha zinazokuja nyumbani kwako. Kuona mwandiko wako mwenyewe kwenye ile picha, ukiwa kazini, ni raha isiyoelezeka, na siku hiyo saa za kazi haziendi.

Jibu la haraka kuliko yote niliyopata lilichukua siku 9. La polepole lilichukua miezi 26, nikiwa nimeshamwandika "kapotea". Nyingine zinarudi na kibandiko cha njano cha posta: amehama, hajulikani. Nyingine hazirudi, na ndiyo hali ya mchezo.

Ikirudi, fungua kwa kisu upande mfupi, mbali na kadi. Usiguse saini siku hiyo, wino mwingine unachelewa kukauka. Ihifadhi bahasha yenye muhuri wa posta pamoja na kadi. Muhuri una tarehe na mji, nao ni ushahidi mdogo lakini ni wako.

Je, ni yeye aliyesaini?

Swali hili linakuja, haliepukiki. Kuna mashine za kusaini, na kuna ndugu na makarani wanaosaini kwa niaba. Mashine hurudia umbo lilelile, kwa hiyo weka saini yako juu ya picha ya nyingine aliyotoa mwezi huohuo. Zikilingana mstari kwa mstari, mkono wa binadamu haufanyi hivyo. Usishtuke saini ya mzee ikitofautiana na ile iliyochapwa kwenye kadi akiwa kijana. Mkono huzeeka. Inayonitia shaka ni saini laini, ya haraka, isiyotetemeka, kutoka kwa mtu wa miaka 91.

Kwa makabwela hofu hii ni ndogo, nani atajisumbua kughushi saini ya dola 5? Hatari iko unaponunua saini za marehemu wakubwa. Hapo historia ya kalamu inakusaidia kuliko cheti. Kalamu ya bolpeni ilianza kuuzwa Marekani Oktoba 1945, New York. Lou Gehrig alifariki 1941. Sharpie ilitoka 1964, na Babe Ruth alifariki 1948. Nimeona kwa macho yangu, kwenye meza ya maonyesho, mpira wa "Ruth" uliosainiwa kwa Sharpie nyeusi, na cheti chenye muhuri wa dhahabu pembeni. Nyota Roberto Clemente alifariki 31 Desemba 1972, ndege iliyobeba misaada ya tetemeko la Nicaragua ilipoanguka, kwa hiyo kadi ya baada ya mwaka huo yenye saini yake haihitaji hata lensi. Na ukipata Clemente wa miaka ya 1960, soma jina: Topps walimwandika "Bob" kwa miaka mingi, ingawa yeye alijiita Roberto.

Saini ghali peleka kwa wathibitishaji kama PSA, JSA au Beckett kabla ya kulipa. Ada yao inaweza kuzidi bei ya saini ya kabwela, kwa hiyo makabwela waache nyumbani.

Ukiwa Mombasa, Mwanza au Kampala

Inawezekana. Kosa linalorudiwa ni kubandika stempu ya Kenya au Tanzania kwenye bahasha ya kurudishia. Barua inayotoka Marekani inataka stempu ya Marekani. Unayoitaka inaitwa Global Forever, ya duara, na moja inabeba barua ya wakia moja kwenda nchi yoyote. Mwombe ndugu aliye huku akununulie karatasi moja akuletee akija likizo. Kuponi za majibu za kimataifa zipo kwenye vitabu vya posta, lakini hakuna mzee wa miaka 80 atakayepanga foleni dirishani kwa ajili ya saini yako. S.L.P. yako inatosha kama anwani, andika tu jina la nchi kwa Kiingereza mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa. Na ongeza miezi miwili kwenye subira yako.

Kwenye barua taja unakotoka. Besiboli si ngeni Afrika Mashariki, mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walicheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania. Lakini bahasha iliyopigwa muhuri Mwanza, juu ya meza ya jikoni ya mtu wa Iowa ambaye hajapata barua ya shabiki mwaka mzima, hiyo ataifungua kwanza.

Daftari langu lina mistari 14 isiyo na tarehe ya kurudi. Mmoja ni wa mdakaji wa mwaka 1959, yuleyule wa dola 2. Mwezi Machi nilimtumia ile kadi yenye saini ya kiwandani, nikamwomba aweke ya kweli pembeni yake.